Neno Uzembe na Sinia la Sato

Mkasa huu nimeuficha vya kutosha, ingawa kuuficha ni vigumu kwa mtu anayekaa kwa upande mmoja (nyonga bado inauma). Mimi ni msimamizi wa wahudumu kwenye hoteli moja hapa Musoma, na daftari la ajali ninaliandikaga mimi. Wiki moja kabla, mpishi wetu Mama Nyabwire aliteleza mlangoni mwa jiko, pale friji la samaki linapovujisha maji, akaumia mkono, nami kwenye nafasi ya chanzo nikaandika neno moja: uzembe. Kwa neno hilo bosi akasema akirudi kutoka Bunda Jumatatu atamwachisha kazi.

Jumamosi tukapata wageni wa kipaimara kutoka Butiama. Wakataka kupiga picha kwenye ukuta wa maua ulio jirani na mlango huohuo, nikaona kile kibao cha njano cha "Sakafu Ina Maji" kitaharibu picha, nikakiweka nyuma ya pazia (dakika tano tu, nilijiambia), kisha nikabeba mwenyewe sinia la sato sita ili wahudumu waone sinia linavyobebwa, nikatoka jikoni kifua mbele, na hatua ya pili mguu ukaenda zake, nikaanguka chali, mchuzi wa nyanya kwenye tai, sato mmoja akateleza mpaka miguuni kwa bibi yake mtoto wa kipaimara.

Bibi akamtazama samaki, akanitazama mimi. "Baba, huyu alikuwa anarudi ziwani?"

Ukumbi mzima ukacheka, na mpiga picha alikuwa bado anapiga.

Aliyekuja kuniinua ni Mama Nyabwire, kwa mkono wake mmoja mzima.

"Pole, supavaiza," akasema taratibu. "Na hii utaiandikaje?"

Nikakaa na daftari mpaka chai ya saa kumi. Nikaandika: friji linavuja, kibao nilikiondoa mimi. Halafu nikarudi ukurasa wa nyuma, nikakata lile neno, juu yake nikaandika: friji linavuja, mpishi alinieleza mara mbili (na kweli alinieleza), nikasaini.

Jumatatu bosi akasoma kurasa zote mbili, kisha akaniuliza fundi wa friji anapatikana wapi.

Mama Nyabwire bado anapika. Kibao sikiondoi tena, hata apigwe picha nani, na nikifika kwenye nafasi ya chanzo, kwanza ninakwenda kuitazama sakafu.