Saba Mbele, Saba Nyuma

Mimi ni mtu wa mchanga. Nilikulia Garissa, na miaka mingi kabla sijajua kuvaa jozi mbili za soksi kwa mpigo nilikuwa dereva wa lori la maji. Mchanga wa kule una dawa moja tu: ukizama unashuka, unapunguza upepo wa tairi, unapanda, unaendelea na safari. Dawa hiyo haikuwahi kuniangusha hata siku moja, na nadhani ndiyo iliyonitia kiburi.

Sasa niko Birmingham, ninatunza flati za wazee huko Shard End. Flati zenyewe ziko juu ya kilima kidogo, na njia ya kupandia ni moja. Mtu mzima huipanda bila kuhema, mpaka siku theluji ianguke.

Ilianguka majira ya baridi ya mwaka juzi, nami nikatoka na koleo. Miongoni mwa wazee wetu kuna mama mmoja wa Lubumbashi ambaye figo zake zimechoka. Mara tatu kwa wiki gari la hospitali huja kumchukua akasafishwe damu. Siku ile gari lilifika chini ya kilima, likajaribu, likateleza, likajaribu tena, kisha likageuza. Mimi nilikuwa nimefika katikati ya njia na koleo langu, jasho linanitoka kwenye baridi. Mama alikosa siku moja tu. Kabla ya zamu iliyofuata alikuwa amevimba uso na miguu, hapumui sawasawa, na hospitali ikamweka wiki mbili. Aliporudi hakunilaumu. Afadhali angenilaumu, maana nilijilaumu mwenyewe mwaka mzima, na mimi sina huruma.

Ndipo ofisi ilipokubali tununue kwodi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, yenye bamba la kusukuma theluji mbele. Meneja aliniambia nichague mwenyewe kwa kuwa ndimi nitakayeikalia.

Nikaenda Tyseley, kwenye gereji ya mzee mmoja Singasinga anayeuza na kutengeneza mashine hizo. Mzee ni mzaliwa wa Kisumu, na aliposikia nilikotoka aliweka spana chini na kuanza Kiswahili kama mtu aliyefunguliwa mlango. Jicho langu lilikuwa limeshaangukia kwodi moja nyekundu, pana, tairi zake nene kama mito ya kochi. Nilijiona juu yake. Nilimwambia mzee kwamba nimepata ninayoitaka, na kwamba nikishapunguza upepo kidogo itaelea juu ya theluji kama lori langu lilivyoelea juu ya mchanga.

Mzee hakubisha. Aliniuliza theluji nitakayosukuma iko porini au juu ya lami. Nikasema juu ya lami. Akaniuliza nani anaisubiri njia ifunguliwe. Basi nikamweleza habari za yule mama, zote, hata za lile koleo. Akaingia ndani, akarudi na glavu nene za baridi na kuniambia nizivae.

Kwa glavu zile nilipanda kwodi nyekundu, na nikashindwa kuingiza gia. Kidole gumba kilikuwa hakipati hata nafasi ya kubonyeza mafuta. Akanipeleka kwenye nyingine iliyokuwa kando, ya kijani kibichi, imekwaruzika, haina sura ya kuposwa na mtu. Vitufe vyake vilikuwa vikubwa, gia ya nguvu iliingia kwa ngumi, vishikio vilipata moto, na chuma cha kubebea bamba kilifungwa kwenye uti wa mashine, siyo kwenye bampa. Tairi zake zilikuwa nyembamba. Mzee alieleza kwamba tairi nyembamba hukata theluji ikaishika lami, na ile pana hupanda juu ya theluji ikakaa hapo, na bamba likikutana na mzigo mashine inaenda upande.

Kwa mashine nikakubali. Aliposema nisipunguze upepo, nikakataa. Nilimweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba mambo ya tairi na ardhi laini nimeyajua kabla sijaota ndevu. Alichukua kalamu ya rangi nyeupe, akainama juu ya madigadi na kuandika kipimo cha upepo wa tairi: saba mbele, saba nyuma.

"Hii tairi imezaliwa laini," aliniambia. "Wewe usiiguse."

Nilikasirika. Kuandikiwa namba kwenye madigadi, mimi! Siku hiyo hiyo nilizisugua kwa tambara na petroli mpaka zikafutika.

Theluji ilianguka mwezi wa pili. Niliswali alfajiri, nikatoka, nikaikuta njia yote imefunikwa, na gari la mama lilikuwa lije saa tatu. Nilifurahi, sitaficha. Nikachuchumaa nikatoa upepo kwenye tairi zote nne, taratibu, mpaka zikalegea vizuri kama za lori langu. Kisha nikashusha bamba, nikatia gia ya nguvu, nikaanza kupanda.

Sikufika mbali. Theluji ya hapa ni nzito, imejaa maji, na bamba liliposhiba mashine ilianza kutambaa upande kama kaa. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena. Mara ya tatu tairi moja ya mbele ilijipinda ikabaki kidogo tu ichomoke kwenye chuma chake. Nilisimama pale nikatazama juu. Mama alikuwa dirishani, ameshavaa koti na kofia, ameukumbatia mkoba.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilikuwa zima. Guu lililokuwa hatarini ni la mtu mwingine. Nilitaka kujaza upepo lakini namba nilizifuta mwenyewe, na kwa hasira za siku ile sikuwa nimezishika hata kichwani. Nikapiga simu Tyseley.

"Umepunguza upepo," mzee alisema kabla sijamaliza salamu. Hakuuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Tia saba. Mbele saba, nyuma saba. Halafu funga magunia mawili ya chumvi hapo nyuma ya kiti, uzito uikandamize. Usinipigie tena mpaka huyo mama arudi nyumbani."

Nilijaza kwa pampu ya mguu. Nikafunga magunia. Safari hii bamba liliposhiba, tairi ziliuma lami, nikaisikia mashine inakaza na kwenda. Nilisukuma mpaka juu, nikashuka, nikapanda tena, kisha nikamwaga chumvi kuyeyusha barafu iliyobaki. Gari la hospitali lilipinda kona, likapunguza mwendo, likapanda moja kwa moja bila kusita. Mama alipopita karibu yangu alinigusa mkono.

"Baba, leo motokari imepanda," alisema. "Merci."

Nikajifanya nakagua bamba, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone. Mwaka mzima nilikuwa nimebeba kitu kifuani, na pale kikashuka. Sijui kukieleza zaidi ya hapo. Alhamdulillahi.

Alirudi alasiri. Nilimfikisha mlangoni, nikangoja mpaka nikasikia anafungua bomba la maji jikoni, kisha nikashuka kwenye banda la kwodi na kupiga simu.

"Amerudi?" mzee aliuliza.

"Amerudi salama."

Nilisikia anashusha pumzi ndefu, mtu ambaye hajawahi hata kumwona mama huyo. Nikajiandaa kupokea maneno ya kukaripiwa, na nilistahili kila moja. Hakusema lolote kati ya hayo.

"Sasa tafuta kalamu," alisema.

Nikamwambia ninayo tayari mkononi, ya rangi nyeupe, na nimeshainama juu ya madigadi.