Ndege ya Adhuhuri

Wenzake walimwita Pweza, maana hakuna pango chini ya maji ambalo hakuingiza kichwa. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni kuzamia kwenye visiwa vya mbali, na kila safari aliwaonya vilevile: "Ukizama leo, ndege panda kesho. Damu yako sasa ni soda. Ukipaa mapema itafoka povu ndani ya mishipa, na hutapona!" Wageni wakicheka, naye hucheka.

Haya, tazama mambo sasa. Jioni dada yake akampigia: "Mama anakuulizia. Njoo, mdogo wangu." Lakini mama alikuwa akiingia na kutoka hospitali mwaka mzima, na dada kila mara husema njoo. Pweza akajibu atakuja wikiendi. Asubuhi akazama na wageni hadi chini kabisa. Alipoibuka, simu ilikuwa inalia.

"Daktari amesema tuwaite watoto wote. Leo hii!"

Ndege ndogo ilikuwa uwanjani, inaondoka adhuhuri, na nafasi ipo. Pweza akatimua mbio na suti ya mpira mwilini, inachuruzika maji. Nahodha wa boti, mtu mnene asiyejua kukimbia, siku hiyo alikimbia. Akamdaka mkono mlangoni mwa ndege, anahema.

"Niache, nahodha! Ni mama yangu!"

"Najua. Nikikuacha, dada yako atazika wawili."

"Bora nife!"

"Na mama aambiwe nini?"

 Pweza akakaa chini palepale akalia kwa sauti, mwanamume mzima, wala hakuona haya. Aone haya ya nini? Boti ni safari ya siku mbili, na ndege nyingine ni kesho.

Dada akapiga tena, akaweka simu sikioni mwa mama. Wakati huohuo ndege ikanguruma, ikakimbia, ikapaa.

"Nasikia ndege," mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ina furaha. "Umepanda, kitinda mimba wangu?"

Jamani, wewe ungejibu nini?

"Nimepanda, mama."

"Haya. Nakusubiri."

Kesho yake alifika. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jingine. Dada alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, macho yamevimba. Pweza akamkumbatia, lakini mikono ya dada ilibaki mapajani.

"Alikataa dawa ya usingizi," dada akasema. "Mlango ukifunguliwa, ananyanyua kichwa. Nikamwambia, mama, funga macho upumzike. Akasema hawezi kulala mtoto akiwa njiani. Amehangaika hivyo mpaka alfajiri."

Pweza akaketi kando yake.

"Ulimwambia umepanda," dada akasema. "Ulikuwa wapi?"