Gari la Mwalimu Zainabu Lililokunywa Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilinusurika kuungua uso. Nilikuwa nimeajiriwa katika karakana ya malori karibu na bandari ya Kilindini, msichana aliyeteremka kutoka milima ya Taita na cheti chake cha ufundi, mwanamke peke yangu kati ya mafundi. Lori likaingia likifuka mvuke. Nami, wasije wakasema naogopa, nikaushika mfuniko wa rejeta na kuanza kuuzungusha. Fundi Mkuu akaniwahi mkono.

"We mwana, wataka kurudi kwenu huna uso?"

Rejeta, kwa msiojua, ni lile sanduku la vibomba vyembamba mbele ya injini. Maji huzunguka yakibeba joto la injini mpaka humo, na upepo ukayapoza. Yakiwa ya moto huwa yamebanwa, na ukifungua mfuniko yanakurukia. "Weka kiganja kwenye bomba la mpira la juu," aliniambia. "Ukiweza kukiacha hapo mpaka nimalize chai yangu, basi fungua."

Fundi Mkuu huyo alikuwa ameng'oa themostati katika malori yote. Themostati ni kijilango kinachoyazuia maji mpaka injini ipate moto wake. "Mombasa hii," alisema, "nani ahitaji kupashwa moto?" Nikaamini. Miaka ikapita, nikahamia Liwatoni kwenye malori ya barafu ya kampuni moja ya samaki, na Msimamizi wa Magari wa huko, mtu wa bara asiyecheka ovyo, akatuamuru turudishe themostati zote zilizokuwa zimeng'olewa. "Injini isiyopata moto wake inajila yenyewe," alisema. Nilimweleza kwamba malori ya Kilindini hayakuwahi kuharibika kwa hilo. Akanitazama. "Basi yalikuwa na bahati, Wakesho."

Nimestaafu bila kujua kwa hakika nani kati yao alikuwa na haki. Neno moja tu walikubaliana, nalo ni kuhusu maji. Visima vya kisiwa hiki vina chumvi, na chumvi hutafuna rejeta kwa ndani. Msimamizi alikuwa akisema, "Usilinyweshe gari maji ambayo wewe mwenyewe huwezi kuyanywa." Sheria hiyo niliishika mpaka mwisho wa kazi, nikaenda nayo nyumbani.

Nyumbani ni Mji wa Kale, chumba cha ghorofani Kibokoni. Nyumba inayotazamana nami ni ya Mwalimu Zainabu, mwalimu mstaafu, na mumewe Bwana Athumani, aliyekuwa karani wa forodha. Figo za Bwana Athumani zimekwisha nguvu. Mara tatu kwa wiki mkewe humpeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine, kwa gari lao dogo jeupe linalolala mbele ya baraza. Gari hilo likikwama, damu haisafishwi. Kwa hiyo Mwalimu aliponijia asubuhi moja, sikungoja maelezo marefu.

"Sabalkheri, Mama Wakesho. Jana gari limetuchemkia darajani, na mgonjwa yumo ndani."

Nilifungua boneti injini ikiwa baridi, nikatia beseni chini, nikafungua koki ya chini ya rejeta. Yalitoka maji ya rangi ya kahawia, mazito kwa kutu. Nikauliza walikuwa wakitia maji gani. Ya kisima cha uani, akasema Mwalimu. Nikamkanya kama nilivyokanywa. Nikafunga koki, nikajaza maji safi, nikawasha injini mpaka feni ikazunguka, nikazima, nikangoja ipoe, nikamwaga. Nilirudia hivyo mara tatu mpaka maji yakatoka meupe. Mpira mmoja ulikuwa ukivuja kwenye kibano chake, nikabadilisha kibano. Mwisho nikajaza kulanti, yale maji ya kijani ya dukani yanayozuia kutu. Beseni nililifunika upesi, kwa sababu kulanti ni tamu na ni sumu, na paka wa mtaa wetu hawaachi kitu.

"Weka jerikeni la maji ya kunywa kwenye buti," nilimwambia Mwalimu. "Yakipungua, ongeza hayo. Ya kisima basi."

Bwana Athumani alikuwa ameketi barazani akitazama. "Kazi hiyo niachieni mimi," alisema. "Nami nipate la kufanya."

Nilidhani nimemaliza. Baada ya siku nne Mwalimu akarudi.

"Jerikeni limekwisha. Mzee asema gari lanywa maji kila siku."

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvurugika. Nilipolikuta gari linavuja lilikuwa likipoteza maji kidogo. Nimelitengeneza, sasa lamaliza jerikeni zima! Nikalala chini ya injini na tochi. Pakavu. Nikachomoa kijiti cha oili, maana gasketi ya juu ya injini ikipasuka maji huingia kwenye oili ikawa kama chai ya maziwa. Oili safi. Nikatazama moshi, usiwe mweupe. Haukuwa mweupe. Nikaenda karakana yangu ya zamani nikaazima pampu ya kupimia mbano wa rejeta, nikaibana, nikakaa nusu saa nikiitazama sindano. Haikuteremka hata kidogo.

Nikajaza jerikeni upya, nikaweka alama ya utepe kwenye tangi dogo la akiba la rejeta. Kesho yake jerikeni limepungua, na maji ya tangi yako pale pale kwenye utepe. Wala rangi ya kulanti haikufifia, na mtu aliyeongeza maji matupu siku zote hizo angeifanya ifanane na maji ya limau. Yaani maji yalikuwa yakiingia, hayatoki, wala hayaongezeki. Miaka yote niliyofanya kazi hii sikuwahi kuona jambo hilo. Niliona haya hata kumpita Mwalimu mlangoni. Niliwaza kwamba labda uzee umenifika, kwamba kuna kitu cha wazi kabisa ambacho msichana wa mwaka wa kwanza angekiona.

Nikayamwaga tena maji yote. Nikajaza upya. Na safari hii nikafanya ambalo fundi yeyote makini angelifanya: nikajaza kulanti kwenye jerikeni vilevile, ili kila kinachoongezwa kiwe cha aina moja. Mwalimu alikuwa ametoka kwenda sokoni, Bwana Athumani amelala. Sikumwambia mtu. Nikafunga buti, nikapanda kwangu kunawa mikono.

Nilikuwa dirishani najifuta nilipomwona Bwana Athumani akitoka, taratibu, mkono ukutani. Miguu yake ilikuwa imevimba hata visigino havikuingia viatuni. Akafungua buti. Boneti hakuigusa. Akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu akatoa kikombe kidogo cha kahawa.

Sikumbuki nilivyoteremka ngazi. Nakumbuka nilipiga kelele, "Bwana Athumani! Usinywe! Sumu!" na watu wakachungulia madirishani. Nilimkuta amesimama na kikombe kimejaa, anakitazama kile kijani kwa mshangao kama mtoto.

"Hakijafika mdomoni," alisema. "Nimeona rangi."

Nilikichukua kile kikombe. Nikakimimina tena kwenye jerikeni. Tukaketi kwenye ukingo wa buti, mimi nikihema kuliko yeye.

"Hospitali wanipimia maji," alisema baadaye. "Vikombe viwili vidogo kwa siku, na maji ya kumezea dawa yamo humo humo. Ndani Zainabu ahesabu kila kikombe. Wewe umepata kuona kiu, Mama Wakesho? Si kiu ya kufunga Ramadhani. Hiyo ina magharibi yake. Hii haina magharibi."

"Na hayo maji yanakwenda wapi, Bwana Athumani, figo zisipoyatoa?"

Akaionyesha miguu yake. Kisha akaweka mkono kifuani. "Na hapa. Usiku nikilala nazama. Usimwambie Zainabu."

Nilimwaga jerikeni kwenye beseni, nikalifunika, nikapanda nalo kwangu. Siku nzima nilizunguka chumbani. Nikisema, namvunjia mzee heshima yake. Nikinyamaza, nimeshika jambo linaloweza kumuua. Na maji yale ni mimi niliyeagiza yawe ya kunywa. Ya kisima asingeyagusa.

Alasiri nilikwenda nikapiga hodi. Mwalimu alikuwa akimenya viazi. Nilisema yote bila kuketi. Aliendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha mkononi.

"Najua," alisema. "Kila tukienda mizani yaonyesha kazidi uzito. Muuguzi aniuliza, mie nasema sijui."

"Sasa Mwalimu, ulijua, na ukanifungulisha gari lile mara mbili?"

Akainua uso. "Nalikuomba ulitazame tena kwa kuwa wewe ni fundi sana. Kila ukilala chini ya gari nalikuwa naomba Mungu uone panapovuja."

Kesho yake waliondoka pamoja kwenda hospitali, na huko Bwana Athumani akasema mwenyewe. Wakampangia upya; akapewa vipande vya barafu vya kumung'unya badala ya kikombe kimoja. Uvimbe ulipungua. Yupo bado, na akiniona hunipungia mkono.

Vijana huniuliza kazi hii ilinifunza nini, na huwa natafuta jibu la kuwapa. Naweza kuwaeleza namna ya kumwaga maji ya rejeta nyumbani, hatua kwa hatua. Lakini nikiyawaza yale ya Kibokoni nachanganyikiwa upya. Nililipima gari lile kila mahali nilipofundishwa kupima, na kila kipimo kiliniambia ni zima. Mimi nikakataa kusadiki, kwa sababu sikuwa nimefunzwa la kufanya gari likiwa halina kosa.