Chai Kavu ya Bibi Safi

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, niliposhuka mteremko wa kilima cha Mengo mjini, mizani begani. Kabla hujaipeleka ripoti yako ya taka kwa wakubwa kesho, kaa nikusimulie. Kaa vizuri, hicho kiti mguu wake mmoja mfupi.

Nilikuwa mhandisi kijana, msichana wa Kinubi, na sifa nilizipenda kuliko chakula. Kampuni yetu ya ushauri ilikuwa imepewa kazi na ofisi ya mji: tupime taka za mitaa ile, tuseme yanahitajika malori mangapi, na kila nyumba ilipe ada gani. Mimi nilikuwa wa mizani. Wenzangu wa fedha walingoja vipimo vyangu. Nikagawa magunia mapya, meupe, nyumba kwa nyumba. Nikawaambia kina mama, "Kwa siku nane, kila mnachotupa kitieni humu."

Siku zile hunijia hadi leo zikiwa zimefunikwa na mvuke wa matoke. Moshi unalala juu ya mabati, maganda yananukia utamu wa kuchacha, nami napita mlango kwa mlango nikipima na kuandika. Magunia yalijaa hadi yakakataa kufungwa. Nilifurahi, we acha tu. Niliyaona malori yamejipanga, na jina langu kwenye jalada la ripoti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi mtaa ule nilikuwa naupita tu.

Siku ya nane, nikiwa nimeshajumlisha kila kitu, nikaitwa na Bibi Safi, mjane aliyefuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba yake. Wajukuu zake watatu walisomeshwa na maziwa ya ng'ombe hao. Akanikaribisha mkekani, akanimiminia chai. Ilikuwa chai kavu, nyeusi tii, bila tone la maziwa.

"Bibi, leo umetubania maziwa?" nikamtania.

Hakucheka. "Maziwa umeyabeba wewe, mwanangu. Yamo kwenye magunia yako."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, huku anapuliza kikombe chake. Tangu zamani, kina mama wa pale wakimenya matoke humwekea maganda kando, naye hupita na beseni kuyachukua. Ndicho chakula cha ng'ombe wake. Lakini mimi nilikuja na gunia jipya na karatasi ya ofisi, na watu wale ni waungwana, hawapendi kumvunja mgeni moyo. Nilisema kila kitu, wakatia kila kitu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema," akaniambia. "Wewe umekuja, ng'ombe wangu wamelala njaa. Malori yakianza kupita, itabidi niwauze."

Mwanangu, nilikiweka kikombe chini mkekani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Sehemu kubwa ya uzito niliouandika haikuwa taka hata kidogo, mpaka nilipokuja mimi na magunia yangu. Mji ungenunua malori ya kukaa bure, kina mama wangelipia kubebewa kitu wasichokitupa, na Bibi Safi angebaki na kamba mbili tupu.

Na ripoti ilikuwa ya kesho yake. Nitakudanganya nikisema nilikimbia kwenda kuungama. Nilitembea kwanza hadi soko la Owino, nikazunguka kati ya marundo ya nguo bila kuona nguo, nikijiambia, nani atajua? Kisha nikaingia kwa bosi wangu, Mhandisi Mukasa, nikamweleza yote. Alivua miwani akaifuta, akaifuta tena, ingawa ilikwisha takata.

"Nnyabo," akasema, yaani bibie kwa Kiganda, "wakubwa utawaambia wewe, si mimi. Halafu utapima upya. Mara hii magunia yaache ofisini."

Niliwaambia. Walinisema mpaka nikatamani sakafu inifiche, na jina langu kwenye jalada halikuonekana. Nikarudi siku nane nyingine, nikakaa jikoni matoke yakimenywa, na kabla ya kupima nikauliza: hiki huenda wapi? Malori yakapungua, ada ikashuka, na maganda tukayaandika kuwa lishe. Siku ya mwisho Bibi Safi akaniita tena mkekani. Chai ilikuwa na maziwa hadi imefanya utando juu. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Basi nasaha yangu ni hii. Usipime kitu cha watu kabla hujauliza kilikuwa kikienda wapi ulipokuwa hujafika. Kuuliza si ujinga. Na watu wakikutii upesi, usifurahi. Huenda ni adabu yao tu, na ukweli wao wameuweka kando wakisubiri uondoke. Ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo, hata kama jina litafutwa. Nimeyaona magunia yaliyokubakia nyuma ya gari, mwanangu. Ni mapya, meupe, kama yale yangu.

Nenda ukaulize kabla hujaipeleka ripoti. Mola akupe sikio la kusikia na ulimi usioogopa kusema "nimekosea", na kila mlango utakaobisha, ukute chai ina maziwa. Amina.