Mabati ya Mzee Njoroge

Kuna siku moja huko Kawangware ambayo hata nikizeeka nisahau jina langu, hiyo sitaisahau. Nakusimulia leo, mwanangu, kwa sababu nimesikia unafungua hoteli yako hapo karibu na Soko la Toi, na kabla hata hujanunua sufuria, unatafuta mabati marefu ya kuzungushia pahali wateja wataegesha magari. Kaa kwanza. Chai iko.

Wakati huo nilikuwa kijana, natoka Laini Saba, kule Kibera, kwa miguu kila asubuhi kwenda kuwa soja, mlinzi wa magari, kwenye hoteli ya nyama choma ya Mzee Njoroge. Njoroge ndiye aliyekuwa mwenye ploti, mtu wa roho safi, lakini akikasirika, akili inaenda likizo. Uwanja wake wa magari ulikuwa wazi, barabara nzima inauona. Kando ya geti alikaa Mama Atieno akikaanga samaki, na karibu naye fundi wa viatu ambaye kazi yake kubwa, ukweli usemwe, ilikuwa kuangalia watu.

Basi gari la mteja mmoja likang'olewa vioo vya pembeni. Njoroge akawaka. Akasema hao wachuuzi ndio wanaowaonyesha wezi magari. Akawafukuza wote wawili, akazungusha mabati ambayo hata twiga angehitaji stuli kuchungulia, akaniweka mimi nje ya geti na filimbi mpya, na amri kwamba nisibanduke hapo hata kidogo. Nikajiona afande. Kila gari likiingia nilipiga saluti mpaka bega likauma.

Jumapili moja mchana, watu wametoka kanisani na hoteli imejaa, nikasikia vyuma vinagongwa huko ndani. Amri ni amri, sikubanduka. Wateja nao walisikia, wakadhani ni fundi anatengeneza gari la mtu. Baadaye wanaume wawili wenye ovaroli wakatoka na gari lao, wakanisifu kwa kazi nzuri. Nikawapigia saluti.

Njoroge alipotoka, alikuta pikapu yake mwenyewe imekalia mawe. Magurudumu hakuna. Betri hakuna. Akanishika kola akiniita mwizi, akasema lazima nilale kwa polisi. Mwanangu, niliogopa. Mama yangu alikuwa Kibera akiningoja nilete unga, na nilijua nikiingia selo, kazi imekwisha na jina pia limekwisha.

Aliyeniokoa ni shosho, mama yake Njoroge, aliyekuwa akiishi nyuma ya hoteli. Alikuja polepole na mkongojo wake, akaizunguka ile pikapu, kisha akamwamuru mwanawe akae chini kando ya yale mawe. Mzee mzima, na suti ya kanisa, akakaa vumbini.

"Unaona nani?" shosho akamuuliza.

"Sioni mtu, mama."

"Na nani anakuona?"

Njoroge akayatazama mabati yake pande zote.

"Umewajengea wezi chumba," shosho akasema, "ukawawekea na mlango, halafu kijana wa watu ukamfanya soja wao. Mwachilie kabla sijakuchapa mbele ya wateja wako."

Watu walicheka, mmoja mpaka akapaliwa na nyama. Mimi sikucheka, nilikuwa nalia. Kesho yake mabati yakateremshwa, na Njoroge akaenda mwenyewe kumwita Mama Atieno arudi. Yule mama alimzungusha sana. Alitaka aombwe msamaha mbele ya wanunuzi wake, na akaombwa.

Sasa nisikilize. Zungushia waya ambao mtu anaona hadi ng'ambo. Weka taa. Hao utakaowakuta wakiuza hapo nje, wasalimie, ujue majina yao, kwa sababu mtu anayekujua atapiga kelele akiona spana kwenye gari lisilo la mwenye spana. Soja wako mpe ruhusa ya kuzunguka na kuuliza maswali, maana saluti haijawahi kushika mwizi. Na siku kitu kikipotea, kabla hujamshika mtu kola, nenda kwanza usimame pale alipokuwa amesimama, uone kile alichokuwa anaweza kuona.

Mungu akubarikie hoteli hiyo, mwanangu. Wateja wako wale, washibe, na waondoke na magari yao mazima, na kijana wa mtu utakayemwajiri arudi kwa mamake kila jioni bila hofu.