Kusindikizana Hadi Ng'ambo

Nyumbani kwetu Mbugani, Kyela, ukitaka kujua mgeni alipendwa kiasi gani, huulizi alikula nini. Unauliza alisindikizwa akaishia wapi. Akiagwa mlangoni, ajue hapo hakuna kitu. Akifikishwa mwisho wa migomba, hiyo ni heshima ya kawaida, anapewa hata mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Akifikishwa barabara ya lami, anaweza kuja tena. Shangazi yangu aliyeolewa Karonga, upande wa Malawi, akija kutusalimia, mama humsindikiza mpaka Kasumulu, mpakani kabisa. Wakifika pale shangazi huona aibu kumwacha wifi yake arudi peke yake, basi humrudisha kidogo. Mama naye hawezi kukubali hilo. Nimewahi kuwaacha wawili hao wakienda na kurudi, nikanunua soda, nikanywa nikamaliza, nikarudisha na chupa, wakawa bado hawajaachana.

Nalieleza hili mapema kwa sababu bila hilo mtu atadhani nilichukuliwa na meli kule Finland kwa ujinga.

Nilisoma Turku, mji wa bandari wa huko huko Finland, miaka miwili. Masomo yalikuwa na mfadhili, mapumziko hayakuwa naye, kwa hiyo nilitembea kwa akili. Nilikwenda Stockholm kwa meli ya usiku, nikazunguka mji mzima bila kumsikia muuzaji hata mmoja akiniita, "Karibu dada, kuangalia bure." Unaingia dukani, unatoka, hakuna anayeumia. Bergen, Norway, mvua ilinyesha tangu nashuka hadi naondoka, na wenzangu wa hosteli wakanionea huruma, wasijue kwamba mtoto wa Kyela akiona mvua ya namna hiyo anauliza mpunga uko wapi. Tallinn nilimpata bibi anayeuza sweta za kufuma kando ya ukuta wa zamani. Alitaja bei, nikashika kifua, akanitazama mara ya pili kwa furaha, tukaanza. Yale mazungumzo, yeye kwa lugha yake na mimi kwa yangu, yalinipumzisha kuliko makanisa yote niliyooneshwa.

Kaskazini kabisa nilikwenda kuona zile taa za angani. Mwenyeji alisema hawezi kuahidi kama zitatokea. Nikamwambia kwetu bidhaa isiyoahidiwa hupunguzwa bei. Hakupunguza. Zilipotokea, za kijani, zikipepea kama pazia kwenye mlango wa saluni, nilikiri moyoni kwamba bei ilikuwa halali. Kwa sauti sikusema.

Lakini safari ambayo watu huniomba niisimulie ni ile ambayo sikuipanga.

Chuoni nilikuwa na dada mmoja wa Karonga. Namwita dada kwa kuwa alinitangulia umri, na kwa kuwa Mto Songwe tu ndio uliotutenganisha: Kingonde chake na Kinyakyusa changu vinaelewana bila mkalimani, na Kiswahili alikipata utotoni kwa kumfuata mama yake sokoni Kasumulu. Dada alikuwa na mchumba, fundi umeme, kijana wa visiwa vya huko. Siku moja ya mwezi wa tano alikuwa anakwenda kisiwani kwa mara ya kwanza kumwona baba mkwe. Mama mkwe alishafariki. Mchumba alitangulia, abaki huko wiki nzima; dada afuate na meli ya mchana, alale usiku mmoja tu.

Nikamsindikiza. Basi la kwenda bandarini lilikuwa karibu tupu, na mimi nilikuwa nimevaa ndala, maana nilikuwa nafika na kurudi tu.

"Ameshaniambia baba yake yukoje," dada alisema. "Haongei. Mgeni akiondoka, anaagwa mzee akiwa kwenye kiti. Mlangoni hafiki."

"Ndivyo walivyo, dada."

"Najua ndivyo walivyo. Nimekaa mgeni katika nchi hii miaka minne, mdogo wangu. Dukani mgeni, kazini mgeni. Sitaki kuwa mgeni mpaka kwenye meza ya ukweni. Mzee asiponyanyuka, narudisha pete."

Alisema kwa upole, kama mtu anayetaja bei ya mwisho. Na mimi bei ya mwisho naijua nikiisikia.

Meli ilikuwa ndogo, ya njano, ya kubeba watu na mizigo ya visiwani. Nilijiandaa kupatana nauli kwa niaba yake. Baharia akasema abiria wa miguu hawalipi. Sijawahi kushushiwa bei hadi sifuri kabla sijafungua mdomo, iliniudhi. Basi nikabeba kilo za mchele wa Kyela alioutuma mama yangu na kitenge cha zawadi, nikapanda navyo, nikamtafutia dada kiti kisichopigwa na upepo, nikapanga mizigo, nikaketi nimpe maneno ya mwisho. Ndivyo tunavyofanya bandarini Itungi, kwenye meli za Ziwa Nyasa ziendazo Mbamba Bay. Msindikizaji anapanda melini, anahakikisha mtu wake amekaa vizuri, wanaanza hadithi upya, na honi ikilia mara ya kwanza hakuna anayeshtuka. Ya pili unatafuta viatu. Ya tatu unashuka, na meli bado inakungoja ukimaliza kupunga mkono.

Nilikuwa katikati ya nasaha nilipoona gati linakwenda.

Nikamfuata baharia. "Honi bado," nikamwambia.

"Honi ya nini?" akauliza. Akatazama bahari pande zote, kwa uaminifu kabisa. "Hakuna ukungu."

Meli ya kurudi ilikuwa kesho yake. Niliporudi kwenye kiti na habari hiyo, dada alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge cha mkwe wake.

"Afadhali," akasema. "Nani huenda ukweni peke yake kama anakwenda kusaga?"

Mchumba alitungoja kisiwani. Alimtazama dada, akanitazama mimi, akatazama ndala zangu, akauliza kama kuna wengine wanakuja.

Nyumba ilikuwa ya mbao, nyekundu, na mzee alikuwa mlangoni, mrefu, mikono mfukoni. Dada alimsogelea, akainama akapiga goti nusu, macho chini, kama tulivyolelewa. Mzee akashtuka. Naye akainama, akaanza kuangalia sakafu. Akasogeza zulia. Wote wawili walikuwa chini, mmoja anaamkia, mwingine anatafuta kilichoanguka, na mchumba amesimama juu yao hajui amsaidie nani. Mwishowe mzee alinyanyuka na kifungo cha zamani alichokiokota chini ya zulia, akampa dada. Dada akakipokea kwa mikono miwili.

Chakula kilikuwa samaki wa moshi na viazi ulaya, ambavyo huko viko nyumbani kwao. Mzee alikula. Nilihesabu maneno yake mara mbili ili nisimwonee, na yote yangeenea kwenye ujumbe mmoja wa simu. Dada akanywea kwenye kiti chake.

"Amefurahi," mchumba akatunong'oneza.

"Akinuna anakuwaje?" nikamuuliza.

Ili kuokoa meza, nikasimulia kwa nini nimekuja na ndala. Mchumba akatafsiri: bandari ya Itungi, wasindikizaji kupanda melini, honi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaeleza na lile la nyumbani, kwamba mgeni hupimwa kwa alikofikishwa, na habari za mama na shangazi na soda yangu. Mzee aliacha kutafuna. Aliuliza swali moja.

"Na honi ikiharibika?"

"Basi wote tunakwenda Mbamba Bay," nikajibu.

Akatoa sauti fulani puani. Mchumba alinieleza baadaye kwamba kile kilikuwa kicheko. Kisha mzee akatoka, akarudi na mabuti ya mpira ya marehemu mkewe, akayaweka mbele ya miguu yangu, akaenda zake kuchochea moto wa sauna.

Sauna ni kachumba ka mbao wanamojifungia watu kwenye joto kwa hiari. Sisi tuliozaliwa ufukweni mwa Nyasa tulikaa humo kama tuko sokoni Kyela mwezi wa pili, tukapata nafasi ya kujadiliana.

"Amenipa mabuti," nikaanza. "Hiyo ni dalili."

"Amekupa wewe. Wewe si mkwe."

"Kifungo je?"

"Kifungo amekitoa chini ya zulia."

"Dada, sikiliza. Mnunuzi akinyamaza halafu haondoki, huyo ananunua. Mzee hajaondoka mezani mpaka chakula kimekwisha."

"Ni kwake. Aende wapi?"

Nikaona nibadilishe njia. "Basi tuseme hivi. Mlango wa huku haulingani na mlango wa kwetu. Ni kama kwacha na shilingi pale Kasumulu, lazima ubadilishe kwanza. Mtu ambaye hajawahi kunyanyuka, akifika mlangoni, hiyo kwetu ni lami."

"Usinitanie. Mlangoni ni mwisho wa migomba, tena kwa kukuonea huruma."

"Katikati basi. Kati ya migomba na lami."

"Ngazini," dada akasema. Jasho lilimtiririka. "Akishuka zile ngazi za nje, miguu miwili chini, nabaki na pete. Akibaki kwenye kiti, nimemaliza. Akiishia mlangoni, nitafikiri."

"Mguu mmoja ngazini?"

"Miwili."

Tukapeana mikono. Kwa bidhaa ambayo hatukuwa nayo mkononi, nilidhani nimepatana vizuri.

Asubuhi dada alipika wali. Harufu ya mchele wa kwetu ilijaa nyumba ile ya mbao mpaka mbwa wa jirani akaja kuuliza. Mzee alikula, akasukuma sahani mbele aongezwe. Kisha mimi na dada tukaenda kufunga mizigo yake. Tuliporudi ukumbini kuaga, kiti kilikuwa kitupu.

Tuliangalia jikoni. Tuliangalia nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha nyavu. Mchumba aliita mara mbili, akawa mwekundu.

"Labda ameenda kwa kondoo," akasema.

Mapatano yetu yote ya sauna yalikuwa na kiti, mlango na ngazi. Hakuna aliyefikiria kwamba mzee anaweza asiwepo kabisa. Dada alifunga vizuri kilemba chake, akachukua mfuko wake, akashuka zile ngazi mwenyewe, miguu miwili chini. Tukashika njia ya gatini. Nilimwona akizungusha pete kwa kidole gumba, mbele nyuma, mbele nyuma, na mimi kwa mara ya kwanza tangu nijue kusema sikuwa na bei ya kutaja.

Meli ya njano ilikuwa tayari gatini. Dada akampa mchumba mkono, akawa anatafuta neno la kuanzia. Ndipo nikatazama ndani ya meli.

Mzee alikuwa ameketi. Amevaa koti la kanisani na amechana nywele kwa maji. Alikuwa ametutafutia viti vitatu upande usiopigwa na upepo, na pembeni yake kulikuwa na mfuko wa viazi na samaki wa moshi waliofungwa kwenye gazeti. Alipiga kiti cha katikati kwa kiganja, kumwonesha dada.

"Baba, meli inaondoka," mchumba akamwambia kutoka gatini.

"Ndiyo," mzee akasema.

"Una kazi gani bara?"

"Sina."

Ikaondoka. Mchumba alibaki gatini mdomo wazi, na nilimwelewa vizuri sana, nami nilikuwa nimevaa mabuti ya mama yake. Dada aliketi kwenye kile kiti cha katikati, akashika mkono wa mzee. Aliinama, nikadhani anaamkia tena, kumbe analia, na mzee kwa utaratibu akaangalia sakafu kama kuna kitu kimeanguka.

"Tulipatana ngazini," nikamnong'oneza dada. "Hii ni nyongeza. Ungekubali mlango tangu jana tungekuwa tumempunja mzee thamani yake."

"Nyamaza," akasema, bila kuachia mkono wa mzee.

Njia nzima mzee alimwonesha dada vitu kwa kidole: mwamba, nyumba ya ndege, mahali aliponusurika kuzama akiwa kijana. Kila kitu alikipa neno moja. Dada akalirudia, mzee akamsahihisha.

Bara tulishuka wote. Mzee akanikabidhi mfuko wa viazi, akampa dada mkono, kisha akatazama saa; meli ilikuwa inageuka kurudi visiwani. "Ndaga," dada akamwambia, kwa kuwa shukrani ya kweli mtu huitoa kwa lugha ya mama yake. Mzee akaitikia kwa kichwa, akapanda, akaketi kwenye kile kile kiti, peke yake.

Dada alisimama. Alinitazama.

"Kesho una kipindi asubuhi," nikamkumbusha.

"Mzee wa watu ametoka nyumbani kwake mpaka huku. Nimwache arudi peke yake kama mzigo?"

"Ukimrudisha, naye atakusindikiza tena. Mama na shangazi unawajua."

"Nawajua," akasema. Alikuwa ameshaanza kutembea. "Viazi pika usiviache vikachipua."

Alipanda. Nilimwona mzee akisogea kumpa nafasi upande usio na upepo, dada akikataa, akitaka mzee akae huko. Nilisimama gatini na mfuko wa viazi, mbali kabisa na ngazi ya kupandia, nikihakikisha mara mbili kwamba mabuti yote yako kwenye saruji. Wakaondoka bila honi. Hakukuwa na ukungu.