Matumbawe Si Matumbo

Mungu anisamehe, ni mimi niliyepaza sauti, "Tupa hiyo!" Tulikuwa kwenye foleni ya vifurushi, kituo cha mabasi cha Nyeri, na karani alikuwa amesoma juu ya katoni: matumbawe, kutoka Mombasa.

"Ati matumbo? Siku mbili kwa basi? Mwalimu, hii imeoza. Inaenda jalalani," karani akamwambia mwenye katoni.

Mwalimu, mama wa kutoka pwani, akaikumbatia katoni. "Nusa kwanza, ndugu yangu. Ni ya kufundishia. Nitapata wapi nyingine?"

Karani akafungua huku ameziba pua. Akakuta jiwe jeupe, lenye vitundu kama mkate.

"Lilikuwa kiumbe hai," mwalimu akasema. "Huishi karibu na uso wa maji, penye jua. Lakini hili limetolewa chini kabisa, gizani."

"Basi lilianguka."

"Halikuanguka, lilishikana na mwamba wake. Bahari ndiyo iliyopanda. Zamani sana sehemu ya maji yake ilikuwa barafu, kisha ikayeyuka: huko nchi za baridi, na kidogo pale." Akaonyesha Mlima Kenya, uliokuwa ukionekana kupitia mlangoni.

Karani akaachia pua. Mimi nikavua kofia. Miaka yote naomba nikiutazama mlima ule, kumbe natazama bahari.

Msomaji, ukinisikia tena nikipiga kelele kwenye foleni, tafadhali ninyamazishe, mtu amalize kueleza.